Uzi wa Shanga Uliokatwa Madrasa

JUMAMOSI moja baada ya swala ya Alasiri, katika madrasa iliyo kwenye baraza ya msikiti wetu hapa Mpanda, ustadh alimwita mbele mtoto wa kike wa miaka sita, akamshika mkono, akachukua mkasi na kukata uzi wa shanga aliouvaa kwenye kifundo cha mkono. Hakumpiga wala hakumtukana. Alisema tu, kwa sauti iliyosikiwa na darasa zima, kwamba Muislamu havai hirizi. Shanga zikamwagika, zikabiringika chini ya mikeka na kwenye nyufa za saruji. Mtoto akapiga magoti kuziokota huku akilia. Baadhi ya wenzake walimsaidia, wengine wakacheka.

Kesho yake asubuhi bibi wa mtoto huyo alifika ofisini kwetu akiwa na kopo tupu la maziwa ya unga. Tulimwamkia, "Shikamoo Bibi," naye akaitikia, "Marahaba, katibu," kisha akalimimina lile kopo juu ya daftari letu la michango ya paa. "Nimekuja mnihesabie dhambi zilizomo humu," alisema, "moja moja."

Tulizitazama. Nyingi zilikuwa shanga ndogo nyekundu, zimechujuka kidogo kwa umri. Mmoja ulikuwa umekanyagwa ukapasuka, na tuliuchukua tukausogeza dirishani: nje mwekundu, ndani mweupe pe, kama tunda lililokatwa. Katikati ya zote hizo ulikuwamo ushanga mmoja mkubwa, wa bluu, wenye duara jeupe na nukta nyeusi ndani yake, mfano wa jicho.

Bibi ni Mkonongo wa upande wa Inyonga. Alituambia kwamba zile nyekundu alizipokea kwa bibi yake, na kwamba baba wa bibi yake huyo alikuwa mpagazi katika misafara ya zamani, akilipwa posho kwa shanga. "Hizi ni jasho la mtu," alisema. "Hazikuwahi kuitwa dawa nyumbani kwetu." Tulipomwonyesha ule wa bluu alitikisa kichwa. "Huo si wangu. Mama yake aliununua sokoni. Muulizeni yeye, lakini muulizeni kwa upole, maana amezika wawili kabla ya huyu."

Tunakiri kwamba hatukuwa tukilijua hilo. Ustadh naye hakulijua.

Kamati ilikutana jioni ya siku ya pili. Ustadh alitoa hoja yake, nayo ilikuwa na uzito. Alikumbusha habari iliyopokewa na Imamu Ahmad ya watu kumi waliokwenda kumpa Mtume (S.A.W.) ahadi ya utii, akaipokea ya tisa na kuizuia ya mmoja, kwa sababu alikuwa amevaa tamima, na hakuipokea mpaka ilipokatwa. Wanachuoni wameeleza kuwa tamima asili yake ni shanga ambazo Waarabu wa zama za ujahilia waliwatundikia watoto ili kukinga jicho la hasidi. Hakuna aliyempinga kwa hilo. Mzee mmoja wa kamati, ambaye kwa kawaida husema mara moja tu katika kikao, aliomba naye akumbushe jambo. Alisema kuwa Mama wa Waumini, Bibi Aisha (R.A.), alikuwa na mkufu wa shanga za mawe ya Yemen, ulipopotea safarini Mtume (S.A.W.) alisimamisha msafara mzima ili utafutwe, mahali pasipokuwa na maji, na hapo ndipo iliposhuka aya ya kutayamamu. "Mkufu ule haukuwa hirizi," alisema mzee, akanyamaza.

Basi tukawa na shanga za namna mbili katika uzi mmoja, na ofisi ya katibu ikapewa kazi ya kuandika maelezo ya kusomwa na wazazi. Tulipoanza kuandika tuligundua upungufu wetu: tulikuwa tunajua hukumu ya ushanga, lakini ushanga wenyewe hatukuujua. Ni kitu gani? Hutoka wapi? Nani huutengeneza, na vipi? Tuliyoyapata ndiyo tunayomletea msomaji wa ukurasa huu wa familia.

Ushanga wa kioo, ndugu msomaji, ni mchanga. Mchanga safi huchanganywa na magadi, ambayo hufanya mchanga uyeyuke kwa moto mdogo kuliko ambavyo ungehitaji peke yake, na chokaa, ambayo hukifanya kioo kisiyeyuke katika maji. Rangi hutoka kwenye madini yatiwayo kwa kiasi kidogo mno. Kobalti hutoa bluu iliyokoza. Shaba hutoa bluu ya samawati au kijani, na ikichomwa katika moto usio na hewa ya kutosha hutoa nyekundu. Chuma hutoa kijani cha chupa, manganizi hutoa zambarau, na risasi ikiungana na antimoni au bati hutoa manjano. Dhahabu nayo, chembe ndogo tu, hutoa wekundu wa waridi. Hapa tuliweka kalamu chini kidogo. Reli inayotoka Kaliua mpaka mjini kwetu ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mpanda, na miamba hiyohiyo ilikuwa na shaba, fedha na dhahabu. Rangi za duka la shanga tunazikanyaga kila siku, nasi tumezoea kuuziwa zikiwa zimekwisha kutobolewa.

Ufundi tunaotaka kuueleza zaidi ni ule wa kuutengeneza ushanga mmoja mmoja kwa mkono mbele ya mwale wa moto. Zamani mwale huo ulitoka kwenye taa ya mafuta, ambayo fundi aliipulizia hewa kwa mivukuto aliyoikanyaga kwa mguu, na kwa hiyo kazi hii mpaka leo katika lugha za Ulaya huitwa kazi ya taa. Siku hizi hutumika bomba la gesi iliyochanganywa na oksijeni. Mwenyeji wa Mpanda hatapata tabu kuuona moto huo akilini, kwani hautofautiani sana na ule anaotumia mnunuzi wa dhahabu anapoyeyusha mzigo wa wachimbaji.

Fundi huwa na fito nyembamba za kioo cha rangi, na mkono wa pili hushika waya wa chuma uliopakwa uji wa udongo mweupe na kukaushwa. Udongo huo ndio siri ya tundu: bila huo kioo kingegandana na chuma na ushanga usingetoka kamwe. Ncha ya ufito huingizwa motoni pole pole, maana ikiingizwa kwa haraka hupasuka na kurusha vipande. Inapofikia joto la nyuzi 700 hivi za Selsiasi huanza kulegea, ikawa kama asali ya baridi. Fundi huigusisha kwenye waya na kuuzungusha waya huo bila kusita, kioo kikijiviringa kama uzi kwenye kidoko. Akiacha kuzungusha kwa muda mfupi tu, kioo huteremka upande mmoja na ushanga ukawa na kibyongo. Wenye kuijua kazi hii husema kwamba mkono unaozungusha ndio huchukua miezi kufundishika. Rangi na maua huja baadaye.

Nukta na maua hutiwa kwa fito nyembamba zaidi: fundi hugusa, huacha tone, hulirudisha motoni lizame, kisha hugusa tena juu yake kwa rangi nyingine. Na vioo viwili vya asili tofauti havikai pamoja. Huenda vikashikana vizuri vikiwa vya moto, lakini kila kimoja husinyaa kwa kiasi chake kinapopoa, na usiku wa manane fundi husikia mlio mdogo: ushanga umejipasua wenyewe.

Kupoza nako ni kazi. Ushanga ukiachwa mezani, nje hupoa kabla ya ndani, mvutano ukabaki ndani yake, na huvunjika kesho au mwezi ujao. Kwa hiyo huingizwa kwenye tanuri la nyuzi 500 hivi, joto likateremshwa polepole kwa saa kadhaa. Mafundi wa zamani waliufukia kwenye majivu ya moto. Baada ya hapo hulowekwa majini, waya ukachomolewa na udongo ukasuguliwa ndani ya tundu.

Tulipofika hapo tuliurudia ule ushanga wa jicho kwa kioo cha kukuzia. Mistari ya mviringo kuzunguka tundu ilionekana dhahiri, alama ya kioo kilichoviringishwa kwenye chuma. Jicho lenyewe lilikuwa matone matatu, moja juu ya jingine. Kule Uturuki, katika mkoa wa İzmir, vipo vijiji viwili, Görece na Nazarköy, ambavyo riziki yake ni kutengeneza shanga za namna hii kwenye matanuri ya kuni, na viwanda vya mbali vimeiga umbo hilo kwa wingi. Fundi hugusa tone, huzungusha, hutupa kwenye tanuri, huanza mwingine. Hilo jicho halijapata kuona kitu. Tulimkumbuka Nabii Ibrahim (A.S.) na watu wake walioabudu walichokichonga kwa mikono yao.

Zile nyekundu zina habari nyingine, nayo ni ndefu zaidi. Hizo aghalabu hazikuviringishwa, zilivutwa. Mafundi wawili hulishika donge la kioo lenye uwazi katikati na kukimbia kila mmoja upande wake, donge likarefuka likawa mrija mrefu mwembamba, ambao hukatwa vipande na kulainishwa kwa joto. Ushanga mwekundu wenye moyo mweupe ni mrija wa tabaka mbili. Wekundu ulikuwa wa gharama, hivyo ulitiwa juu tu. Venice, ambako matanuri yalihamishiwa kisiwa cha Murano mwaka 1291 kwa kuhofia moto, ilikuwa mlango mkubwa wa shanga zilizoletwa Afrika. Huko wanawake maskini walikaa vizingitini mwa nyumba zao wakizitunga shanga kwenye nyuzi kwa ujira mdogo, kama akina mama zetu wanavyokaa mkekani, na wengine walizitengeneza nyumbani mbele ya taa.

Kabla ya Venice shanga zilikuwa zimekwisha fika kwetu. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza kinataja vitu vya kioo miongoni mwa bidhaa zilizoletwa Rhapta, bandari ya kale ya pwani yetu. Huko Unguja Ukuu wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua shanga za kioo kilichotoka Bara Hindi na nchi za Kiislamu za Iraki na Uajemi. Na mwanachuoni Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliandika katika safari yake nyingine, ya Mali, kwamba msafiri wa huko hakuhitaji kubeba fedha; chumvi, vipambo vya kioo na viungo vilimtosha kununulia chakula.

Katika bara letu hili ushanga ulikuwa fedha hasa. Ulipimwa kwa kete, na kete kumi zilifanya fundo. Henry Morton Stanley, alipojiandaa Unguja mwaka 1871, alinunua magunia 22 ya shanga za aina 11, akakiri kuwa hesabu hiyo ilimsumbua, kwani kila nchi ilikuwa na rangi yake. Nyeusi zilikubaliwa Ugogo, kwingine hazikuwa na thamani. Nyeupe, zilizoitwa merikani, zilipita Ufipa lakini Wakonongo walizidharau. Nyekundu, zilizoitwa samisami, zilipokewa Unyamwezi hata pale nyingine zote zilipokataliwa. Tulipomsomea Bibi maneno hayo alicheka kwa mara ya kwanza tangu aje. Alisema anashangaa mzungu alihitaji magunia 22 ili kujua kitu ambacho mwanamke yeyote wa Inyonga angemwambia bure.

Ujiji nako, jirani zetu wa ziwani, Verney Lovett Cameron alikuta mwaka 1874 soko linaloendeshwa kwa shanga ziitwazo sofi, zifananazo na vipande vya shina la kiko. Asubuhi walikuwapo wabadilishaji wenye mifuko, wakiwauzia watu sofi za kununulia bidhaa. Jioni walizinunua tena kutoka kwa wachuuzi, faida wakaipata kwenda na kurudi. Hatuna haja ya kumtafuta babu wa mabenki mbali.

Lakini haitakuwa haki kulisimulia hili kama hadithi ya mapambo peke yake. Fundo hizohizo zilinunua pembe za ndovu, na zilinunua watu. Misafara iliyopita nchi hii kwenda ziwani na kurudi pwani iliongozwa mara nyingi na watu wenye majina kama yetu, waliosali kama tunavyosali. Mpagazi aliyelipwa kete kwa siku alikuwa na bahati kuliko aliyefungwa minyororo kando yake. Bibi anapoziita shanga zake jasho la mtu tunaona ametumia neno la sawa, na tunaona pia kwamba si wote waliotoka jasho katika njia ile waliolipwa.

Wako Waislamu walioifanya kazi hii kwa mikono yao wenyewe, na tunatamani vijana wetu wawajue. Mji wa al-Khalil huko Palestina, uliopewa jina kwa heshima ya Nabii Ibrahim, umefua vioo kwa karne nyingi, na shanga zake zilivuka jangwa mpaka Sudan. Bida, katika nchi ya Wanupe huko Nigeria, kipo chama cha mafundi wa kioo waitwao Masaga. Mmoja huvuta mivukuto, wenzake wamelizunguka tanuri la udongo, kila mmoja na fimbo yake ya chuma akiviringisha shanga na bangili. Zamani walipika kioo chao wenyewe. Siku hizi huyeyusha chupa zilizotupwa.

Chupa zilizotupwa hatuna upungufu nazo. Arusha kuna karakana iitwayo Shanga, iliyoanza mwaka 2007, ambako watu wenye ulemavu, wakiwemo viziwi, hutengeneza mapambo, na chupa zilizotumika huyeyushwa kuwa vyombo na shanga. Huko Kitengela, nje ya Nairobi, vioo vya madirisha vilivyovunjika hupata uhai mpya kwa namna hiyohiyo. Kijana mmoja wa kamati aliuliza kama chupa iliyowahi kuwa na pombe inafaa kwa ushanga wa tasbihi. Wako waliocheka, ila swali lake ni la fiqhi na ni zuri. Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu maswahaba waliokosa vyombo vingine kuviosha vya Ahlul-Kitab na kuvitumia, kwa undani zaidi tumemwachia sheikh wetu alijibu katika darsa. Sisi tuliandika tu kwenye muhtasari kwamba gharama ya bomba la gesi na tanuri dogo iulizwe. Kwa mfuko wa msikiti ambao haujamaliza paa, hatumwahidi mtu chochote.

Tulikwenda kumwona mama wa mtoto siku ya Alhamisi, tukiwa na mke wa imamu, maana haikufaa twende wanaume peke yetu. Ustadh alifuatana nasi kwa hiari yake. Mama alisema mtoto wake wa kwanza aliishi siku nane, wa pili miezi mitano. Muuzaji wa sokoni alimwambia kuwa ushanga ule ungemkinga wa tatu. "Nisingenunua, akifa ningejisemaje?" alituuliza. Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka. Ustadh, baada ya kimya, alimwomba radhi kwa kumkata mtoto uzi mbele ya wenzake. Alisema hukumu haikubadilika, lakini mkasi haukuwa mahali pake. Mke wa imamu alimweleza mama jinsi Mtume (S.A.W.) alivyokuwa akiwakinga Hasan na Husein kwa maneno, bila kuwatundikia kitu, akakaa naye akimsomea mpaka akayahifadhi. Alimwomba pia aendelee kumpeleka mtoto zahanati akipata homa, siku hiyohiyo, asingoje. Ushanga wa bluu mama aliutoa mwenyewe. Tulimwonyesha kwa kioo cha kukuzia yale matone matatu. Aliyatazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ni kazi ya mtu," alisema.

Ustadh siku hizi huanza somo la Suratun Nur, pale kinapotajwa kioo kilichobeba taa, kwa kuwapitishia watoto kipande cha chupa cha kijani wakitazame juani. Mtoto yule amerudi darasani, mkono mtupu. Zile nyekundu Bibi anazitunga upya, mara hii ziwe tasbihi, kwa sababu anasema amechoka kuulizwa. Anahitaji 33. Kwenye kopo zilikuwamo 29 nzima. Jumamosi iliyopita watoto walipokunja mikeka kufagia, mmoja aliuona ushanga mwekundu ndani ya ufa karibu na nguzo, akautoa kwa njiti ya kiberiti na kuuleta ofisini mbio. Tumeuhifadhi kwenye bahasha. Bado tatu.